Urembo, Ugonjwa na Macho Yetu

Hotuba ya Mratibu wa Miradi katika semina ya kamati za sharika, Kariakoo



Mama mmoja anayeuza vitenge hapa Kariakoo alikohoa zaidi ya mwezi bila kwenda zahanati. Nilipomwuliza sababu, alinijibu: "Dada, nimeshakonda. Wateja wakiniona kwenye ile foleni watasema nimeukwaa."

Wembamba umekuwaje kesi? Ulaya ya karne ya 19 ilikuwa kinyume. Kifua kikuu kiliwaacha wagonjwa wembamba, weupe, wenye mashavu mekundu, na sura hiyo ikahesabiwa kuwa urembo. Tarehe 24 Machi 1882 Robert Koch alitangaza kuwa ugonjwa huo huletwa na bakteria. Macho ya watu yakaanza kubadilika. Hata magauni marefu yanayoburura barabarani yakalaumiwa kuingiza vijidudu majumbani.

Kwetu, wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa huo "Juliana", jina la nguo ya fasheni iliyoletwa na wafanyabiashara wa mpakani. Uganda waliuita "Slim", yaani wembamba. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Unene, ambao tangu zamani tuliuona kuwa dalili ya neema, ukawa sasa kama cheti cha afya. Kumwambia mtu "umepungua" kukawa hukumu.

Ndugu zangu, cheti hicho ni cha uongo. Mwenye VVU anayetumia dawa vizuri aweza kunawiri kuliko mimi. Dawa hizo zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Na aliyekonda aweza kuwa na kifua kikuu, ambacho kwa kawaida hupona kwa dawa za miezi sita, nazo ni bure. Akijificha kwa aibu, anahatarisha maisha yake na ya wale anaolala nao chumba kimoja cha kupanga.

Naomba kila kamati iteue mtu wa kumsindikiza zahanati yeyote anayekohoa wiki mbili au zaidi. Wafadhili, tusaidieni nauli. Nasi viongozi tuache kupima miili ya watu kwa macho mlangoni mwa kanisa. Hata nabii Samweli alidanganywa na umbo la Eliabu.

Yule mama tulimsindikiza. Kilikuwa kifua kikuu. Amemaliza dozi, na amerudi kwenye vitenge vyake.