Mhakiki na Mshairi John Keats



Kazi ya mhakiki ni kupima maandishi, wala si kumpima mwandishi kwa cheo chake. Jambo hili laonekana wazi katika habari za John Keats, mshairi wa Kiingereza aliyezaliwa London mwaka 1795. Baba yake alisimamia zizi la farasi wa kukodishwa, naye kijana alijifunza utabibu na kutengeneza dawa.

Mwaka 1818 alitoa Endymion, shairi refu lenye sehemu nne. Mwenyewe alikiri katika dibaji kwamba kazi ile ilikuwa bado changa. Lakini gazeti la Blackwood's lilimdhihaki, likamwambia arudi dukani kwenye dawa zake. Mhakiki wa Quarterly Review naye alisema waziwazi kwamba alisoma sehemu ya kwanza tu. Hata hivyo aliishutumu kazi nzima.

Keats hakuitupa kalamu. Mwaka 1819 alitunga mashairi yanayohesabiwa hata leo kuwa vito vya mkondo wa Kiromantiki, yaani ule wa washairi waliotukuza maumbile na hisia za moyo. Alifariki Rome mwaka 1821, umri wake miaka 25. Washairi wenzake walisema aliuawa na wahakiki. Bali kwa hakika aliuawa na kifua kikuu.

Basi asomaye uhakiki na aulize kwanza: Je, bwana huyu amekisoma kitabu chote? Tena, ahukumu shairi, au duka la dawa?