MJI MDOGO NA KAZI MOJA: HABARI ZA BASOTU NA NCHI YA HANANG
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tuliagizwa tuseme habari za mji mdogo unaoishi kwa kazi moja, mfano wa miji ya wachimba makaa ya mawe. Kule kusini, Kiwira, mgodi wa makaa ulifunguliwa mwaka 1988, na watu wa kila kabila wakakusanyika hapo kutafuta mshahara. Sisi wa Mbulu na Hanang hatuna makaa. Walakini tulipata kitu kilichofanya kazi ile ile ya kuwakusanya watu na kuwatawanya, nacho ni ngano. Basi twaomba ruhusa tuseme habari za Basotu.

Basotu ipo katika tambarare iliyo magharibi ya mlima Hanang, mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Lipo ziwa dogo ambalo watu huvua samaki, na udongo wake una rutuba iliyotoka katika milima ya moto ya zamani. Zamani nchi hii yote ilihesabiwa kuwa ya Mbulu, mahali Wadachi walipoweka boma lao. Baadaye Hanang ikawa wilaya ya peke yake, na tangu mwaka 2002 wilaya zote mbili zimo katika Mkoa wa Manyara.

Watu wake ni ajabu kwa mtu apendaye elimu ya lugha. Wairaqw, walioenea kutoka milima ya Kainam, husema lugha ya jamii ya Kikushi. Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, husema lugha ya jamii ya Kinailoti. Wanyiramba, Wanyaturu na Warangi ni Wabantu. Na katika bonde la Yaeda wako Wahadzabe, wawindaji na wachuma matunda, ambao lugha yao ya kualisha ulimi haijaonekana kuwa na ndugu. Jamaa nne za lugha zimekutana katika nchi ambayo mtu aweza kuipita kwa miguu kwa siku chache. Ni mahali pachache mno katika Afrika yote pawezapo kusemwa hivyo.

Hapa, ndugu makarani, twaanza kuingia katika habari yetu wenyewe. Katika daftari nyingi za zamani Wairaqw waliandikwa “Wambulu”, kwa jina la mahali, na Wadatoga wakaandikwa “Wamang’ati”. Neno hili la pili limetoka kwa Wamasai, na maana yake ni adui. Karani aliuliza jirani, jirani akajibu kwa chuki yake, na kalamu ikaandika. Hivyo watu wakaitwa adui katika karatasi za Serikali iliyodai kuwatunza, na jina hilo halijafutika midomoni mwa watu mpaka leo.

Sasa tuje kwenye ngano. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali iliona kwamba nchi inanunua ngano nyingi kutoka ng’ambo, ikatafuta mahali pa kuilima kwa mashine. Tambarare ya Hanang ilifaa: ina baridi ya kiasi, haina mawe, wala haina miti mingi. Shirika la Kilimo na Chakula, lijulikanalo kwa jina la NAFCO, likafungua mashamba, na Kanada ikasaidia kwa fedha, matrekta, mashine za kuvunia, na wataalamu. Yakawa mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Waret na Gawal, kila moja kadiri ya eka 10,000.

Hatutaki kudharau kazi hiyo. Mashamba hayo yalitoa sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa katika nchi yetu, na vijana wakajifunza ufundi wa mashine. Madereva, mafundi, walinzi na makarani walikuja, na wenye maduka wakawafuata.

Lakini nchi ile haikuwa tupu. Ilionekana tupu kwa mtu aliyeitazama wakati ng’ombe hawapo. Wabarabaig huhama kwa majira, na tambarare yenye majani bora, waiitayo muhajega, waliiacha ipumzike kwa kusudi, ili majani yaote tena. Kadhalika humo yalikuwamo makaburi ya wazee wao. Mzee mwenye heshima akifa hujengewa kilima cha udongo, bung’eda, na sherehe yake huchukua miezi mingi. Trekta halijui bung’eda. Wenyewe walilalamika kwamba makaburi yamelimwa, njia za kwenda majini zimefungwa, na mvua zimechimba makorongo katika udongo ulioachwa uchi.

Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw, pamoja na wanakijiji 67, ilipeleka NAFCO mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Na kwa sababu gani? Tusikilize vizuri, maana sababu hizo zinatuhusu sisi. Halmashauri haikuweza kuthibitisha kwamba ardhi ile iligawiwa kwake kwa utaratibu wa sheria. Na wanakijiji waliodai kwa desturi hawakuwa wamethibitisha mbele ya mahakama kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Watu ambao bung’eda za babu zao zilikuwa katika shamba walitakiwa kuthibitisha uenyeji wao, na uthibitisho haukuwamo katika jalada.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi makarani tulizoea kuitumia methali hii kwa mwenye duka. Mulbadaw yatufundisha kwamba hata malisho na kaburi ni mali.

Mapema katika miaka ya 1990 msaada wa Kanada ulikoma, na mashamba yakadhoofika. Baadaye baadhi yalishikwa na wawekezaji, na mengine yakagawiwa wananchi. Ndiyo ada ya mji wa kazi moja: kazi ikipungua, mgeni hufunga sanduku lake, na mwenyeji hubaki na udongo, ukiwa mzima au ukiwa na makorongo.

Lakini tusimalizie kwa huzuni. Mwaka 1999 ilitungwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, nayo yaitambua ardhi ishikwayo kwa desturi. Na mwaka 2011, katika bonde la Yaeda, Wahadzabe walipewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa ajili ya jamii yao yote, juu ya nchi ya hekta kama 20,000. Watu wasio na shamba wala zizi walipata karatasi inayosema kwamba pori wanalowindia ni lao. Wilaya ni jirani, kalamu ni ile ile. Tofauti ni kwamba mara hii mtu aliuliza kabla ya kuandika.

Tena, tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yaliporomoka kutoka mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya karibu, yakaua watu zaidi ya 80. Walionusurika walijengewa nyumba mpya Gidagamowd, jina lile lile tulilolitaja kati ya mashamba ya ngano. Ni juu ya karani wa hapo kuhakikisha kwamba kila jamaa imeandikwa kwa jina lake, katika kiwanja chake.

Wazee walioanzisha chama cha watumishi Waafrika mjini Tanga mwaka 1922, akiwamo Bwana Martin Kayamba, walijua kwamba heshima ya karani si kola wala kiti. Basi shauri letu ni hili. Karani akitumwa Hanang au Mbulu, asiandike “pori tupu” kabla ya kuuliza ni majira gani watu huja hapo. Asiandike jina la kabila kwa kinywa cha jirani. Na mzee asiyejua kusoma akija dirishani na maneno marefu, asimwambie “njoo kesho”, kwa kuwa huenda maneno yale ndiyo ushahidi ambao mahakama itautafuta katika jalada baada ya miaka ishirini.

Kwa hayo machache twaomba kukomea hapa. Tukikosea mahali, wazee watusahihishe.