Presha ya Mtoto na Mkanda Usionunuliwa



Mtoto akipelekwa kliniki hupimwa uzito. Ananing'inizwa kwenye mizani, muuguzi anasoma, anaweka alama kwenye kadi. Presha kwa kawaida haipimwi, maana kwa watu wengi huo ni ugonjwa wa wazee. Imani hiyo inagharimu maisha ya watoto, na jioni hii nataka tuiache.

Kiungo chenye usemi mkubwa kuhusu presha ni figo. Mwaka 1898, huko Stockholm, Robert Tigerstedt na Per Bergman waliwadunga sungura dutu waliyoikamua kwenye figo za sungura wengine, presha ikapanda. Wakaiita renini. Figo ikihisi damu inayoifikia ni kidogo, humwaga renini. Mishipa hubana, chumvi na maji hubakizwa mwilini. Mtoto anayeharisha huokolewa na utaratibu huo. Figo ikiugua, utaratibu huohuo humgeuka.

Ndiyo maana mtoto mdogo akikutwa na presha, tunazikagua figo mapema. Chukueni mfano unaojulikana sana wodini. Mtoto wa miaka 7 alikuwa na vidonda vya ngozi wiki chache zilizopita, vikakauka. Sasa anaamka uso umevimba, mkojo ni mchache na umekolea kama chai ya rangi. Kisha anapata degedege. Mawazo ya kila mtu yanakimbilia malaria. Apimwe malaria, ni lazima. Lakini asipopimwa na presha, nani atajua kwamba ubongo umezidiwa kwa sababu figo zimevimba baada ya maambukizi ya bakteria aina ya streptokoka? Watoto wengi wenye ugonjwa huu hupona kabisa wakiwahiwa. Presha yao nayo haishushwi kwa pupa: katika saa 8 za mwanzo tunaishusha kwa robo tu ya kiasi tulichokusudia, kwani ikiporomoka ghafla ubongo utakosa damu.

Kwa vijana, mara nyingi chanzo ni uzito uliozidi, chumvi nyingi, kukaa bila mazoezi na damu ya ukoo. Wapo pia wanaopata presha kwa sababu walizaliwa njiti. Vichujio vya figo huacha kuumbwa karibu na wiki ya 36 ya ujauzito; aliyetoka mapema huanza maisha na vichache, wala haongezewi vingine.

Kuhusu kupima, nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapokwama. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda uwe na upana usiopungua asilimia 40 ya mzingo wa mkono. Mkanda wa mtu mzima kwenye mkono wa mtoto hutoa namba ya chini kuliko ukweli, na mkanda mdogo kwa kijana mnene hutoa ya juu. Mtoto akae atulie dakika 3 hadi 5, mgongo umeegemea, miguu ikiwa sakafuni, apimwe mkono wa kulia. Anayelia asubiriwe. Kwa kijana wa miaka 13 na kuendelea, 130/80 ni presha ya juu; kwa wadogo zaidi tunatazama jedwali la umri, jinsia na kimo. Isipokuwa hali ni ya dharura, hatumwiti mtoto mgonjwa wa presha mpaka ipande katika siku tatu tofauti.

Waganga wakuu wa mikoa na wilaya, mnapoagiza mashine za presha, agizeni na mikanda ya watoto ya saizi zote. Bei yake haifiki popote ukilinganisha na gharama ya kusafisha damu ya mtoto ambaye figo zake zimeshindwa kazi. Na wewe mzazi, mtoto akishatimiza miaka 3, omba apimwe presha walau mara moja kwa mwaka. Aliyezaliwa njiti au mwenye ugonjwa wa figo asisubiri umri huo.