MSHAIRI NA DAFTARI

Mazungumzo juu ya Muyaka wa Mombasa, yaliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika Mkutano wa Mwaka wa Chama, Laini Saba



Tumepewa heshima ya kusema mbele yenu baada ya hesabu za mweka hazina kusomwa, nasi twajua ya kuwa hesabu huchosha masikio. Kwa hiyo tutajitahidi tusirefushe maneno. Twataka kunena habari za mtu mmoja aliyekufa zaidi ya miaka 180 iliyopita, asiyepata kuiona Nairobi kwa kuwa Nairobi haikuwako, lakini ambaye habari zake zatuhusu sisi wakazi wa Laini Saba. Mtu huyo ni Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa.

Huenda mzee mmoja akauliza moyoni: Chama cha ustawi kina shughuli gani na washairi? Kazi yetu ni maziko, karo za watoto, wagonjwa na wajane. Ni kweli. Lakini mzee anapofariki, Chama hulipa sanda na jeneza na gari la kumpeleka kwao, na yale aliyoyajua huzikwa pamoja naye, wala hakuna mchango uwezao kuyafukua. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Senti za Chama chetu zina daftari, nanyi mmelisikia likisomwa leo. Iko mali nyingine ambayo bado hatujaifungulia daftari, na Muyaka ndiye atakayetuonyesha thamani yake.

Muyaka alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776, akafa yapata mwaka 1840. Siku hizo Mombasa ilitawaliwa na jamaa wa Mazrui, nao walikuwa wakishindana na Seyyid Said wa Oman, ambaye baadaye alihamishia makao yake Unguja. Lamu nayo ilikuwa na mambo yake, na Pate yake. Yapata mwaka 1812 majeshi ya Mombasa na Pate yaliishambulia Lamu, yakashindwa vibaya pwani ya Shela, katika vita ambavyo wengine huviita vita vya Kuduhu. Baada ya hapo Lamu ilitafuta ulinzi wa Seyyid Said. Mwaka 1824 Mombasa nayo ikajitafutia mlinzi, bendera ya Kiingereza ikapandishwa na Kapteni Owen. Lakini ilipofika mwaka 1826 Waingereza wakaiteremsha wakaenda zao. Seyyid Said akaja na merikebu mwaka 1828, akarudi mwaka 1829, akarudi tena mwaka 1833. Mwishowe, mwaka 1837, Mazrui wenyewe wakiwa wamegawanyika, aliutwaa mji, na wakubwa wao wakakamatwa wakapelekwa uhamishoni.

Muyaka aliyaona hayo yote kwa macho yake. Hakuwa mtawala wala jemadari. Silaha yake ilikuwa ulimi. Mombasa ilipotishwa, alitunga mashairi ya kuwatia watu moyo na ya kumkebehi adui. Marafiki wa mji walipogeuka, aliwatungia mafumbo ambayo aliyekusudiwa aliyaelewa kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliyakumbusha majina ya kale ya mji wake, Kongowea na Mvita, na jina la Mwana Mkisi, ambaye wazee wa Mombasa humhesabu kuwa malkia wao wa kale. Mtu wa Mombasa aliyesikia tungo hizo alijijua kuwa yeye ni nani na ametoka wapi, hata ikiwa siku hiyo hakuwa na hakika ni nani atakayemtawala kesho.

Tena hakutunga mambo ya vita peke yake. Kabla yake tungo ndefu zilizohifadhiwa kwa maandishi zilikuwa nyingi za dini na mawaidha. Mfano ni Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728. Muyaka alilichukua shairi fupi la mishororo minne akaliingiza sokoni na barazani. Alitunga juu ya mapenzi, juu ya umaskini, juu ya rafiki mwema na rafiki mnafiki, juu ya mambo ya nyumbani ambayo mwanachuoni asingeyapotezea wino. Manahodha wa kigeni waliandika kina cha maji ya bandari na idadi ya mizinga ya ngome. Lakini mwenye mji alicheka nini, alimwogopa nani, na alijivunia nini, hayo twayapata kwa Muyaka.

Sasa wazee wetu, tufikirini jambo hili. Muyaka alipokufa, hakuacha kitabu kilichopigwa chapa. Tungo zake zilibaki vinywani mwa watu. Zilikaaje humo miaka kwa miaka bila kuharibika zote? Siri ni vina na mizani. Kila mshororo una mizani 16, nane upande huu na nane upande wa pili, na vina vya kati na vya mwisho vyaitikiana. Mtu akisahau neno, mizani hupungua na sikio hushtuka, kama vile karani ashtukavyo jumla ya daftari isipolingana na fedha zilizo kisandukuni. Hivyo shairi lina mlinzi wake ndani yake lenyewe. Hata hivyo mlinzi huyo hulinda tu maadamu yuko mwenye kukumbuka. Waliomsikia Muyaka walizeeka wakafa mmoja mmoja, na hapana shaka kwamba tungo nyingine zilikwenda nao kaburini.

Hapo ndipo alipotokea mtu ambaye sisi makarani twapaswa kumheshimu sana. Jina lake ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Naye alikuwa mtu wa Mombasa na mjuzi wa ushairi. Alizikusanya tungo za Muyaka kutoka kwa wale waliokuwa wakizikumbuka, akaziandika, akazifafanua maneno yake magumu. Katika kazi hiyo alishirikiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, mtu aliyekipenda Kiswahili na ambaye mwaka 1891 alitoa kitabu cha methali za Waswahili. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Laiti angalingoja miaka 30 zaidi kabla ya kuanza, au laiti angalisema kwamba kazi ya kuandika maneno ya sokoni haimfai mwalimu, leo tungalikuwa na jina la Muyaka tu, kama jina la kisima kilichokauka.

Karatasi hizo zilisafiri hata London, zikawekwa katika maktaba ya chuo kikuu. Mwaka 1940 William Hichens alizitoa katika kitabu, Diwani ya Muyaka, kilichopigwa chapa Johannesburg. Mwaka 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz alitoa kitabu kingine juu ya Muyaka, nacho kilichapishwa hapa Nairobi. Basi maneno yaliyosemwa Mombasa yalizunguka London na Johannesburg ndipo yakaturudia. Yalirudi kwa sababu yaliandikwa.

Na yaliporudi yalizaa matunda. Ikumbukwe kwamba mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha shuleni, na Kimvita kikaachwa nje ya mlango. Lakini Diwani ya Muyaka ilibaki ikishuhudia kwamba Kimvita nacho ni lugha yenye hazina. Washairi wa Mombasa waliofuata waliendelea kutunga kwa Kimvita, na mmoja wao ni Abdilatif Abdalla. Kijana huyo alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya maandishi yake yenye jina Kenya: Twendapi? Alikaa kifungoni hata mwaka 1972, na gerezani alitunga mashairi akiyaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni. Mwaka 1973 yalitolewa kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 kitabu hicho kilipata tuzo iliyoitwa kwa jina la Jomo Kenyatta, Rais aliyekuwa madarakani mtungaji alipofungwa. Hivyo ndivyo fasihi ya taifa ilivyojengwa: mmoja alisema sokoni, wa pili akaandika, wa tatu akajifunza, naye akaandika hata mahali ambapo hapakuwa na karatasi.

Bwana Mwenyekiti, liko somo jingine, na hili ndilo lililotufanya tulete mazungumzo haya Laini Saba. Muyaka alikuwa na upande wake. Aliipenda Mombasa, akawasifu watawala wake, akaidharau Lamu. Je, historia ya mtu mwenye upande ni historia? Tungalikuwa na Muyaka peke yake, tungaliisikia kesi kwa sikio moja. Lakini Lamu nayo ilikuwa na mshairi wake, Zahidi Mngumi, aliyekuwa mkubwa katika mji ule, naye alijibu shairi kwa shairi. Tungo za pande zote mbili zilihifadhiwa, na mwaka 1995 zilikusanywa katika kitabu kimoja, Mashairi ya Vita vya Kuduhu. Leo mtoto wa Lamu na mtoto wa Mombasa waweza kukifungua kitabu hicho pamoja, wakayasikia matusi ya babu zao, wakacheka, na kisha wakafikiri. Damu ya Shela imekauka, na maneno yamebaki kuwa urithi wa wote wawili.

Sisi hapa tunazo Shela zetu. Mwaka 2001 wenye nyumba na wapangaji wa Kibera walipigana kwa ajili ya kodi. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, jirani alimfukuza jirani, na reli ipitayo kando ya nyumba zetu ikang'olewa. Kila upande una nyimbo zake, mafumbo yake na masimulizi yake juu ya siku hizo, na kila upande huyasema mlango ukiwa umefungwa. Tukiyaacha yakae gizani, yatawafikia watoto wetu kama sumu. Tukiyaandika ya pande zote na kuyaweka katika daftari moja, huenda yakawa kama tungo za Kuduhu. Wala hatusemi ya kwamba wino huponya kidonda. Twasema tu kwamba mganga hawezi kutibu kidonda kilichofichwa.

Tena yako mambo ya kale zaidi. Wazee wetu Wanubi wamekaa hapa tangu mwanzo wa karne ya 20, wakiwa askari wa King's African Rifles na jamaa zao. Mwaka 1918 ardhi hii ilitangazwa rasmi kuwa ya jeshi, eka 4,197. Jina Kibra ni la Kinubi, maana yake ni msitu. Na jina la Laini Saba husemwa kuwa latokana na uwanja wa shabaha wa askari hao. Hata hivyo, kwa miaka mingi wakaao hapa walihesabiwa kuwa wapitaji. Hati ya ardhi ya jamii ya Wanubi, eka 288, ilitolewa mwaka 2017, karibu miaka 100 baada ya tangazo lile. Pamoja nao wamekuja Waluhya, Wajaluo, Wakamba, Wakikuyu, Wakisii na wengine, kila mmoja na nyimbo za kwao. Mji unaoitwa wa muda huandikiwa amri za kubomoa. Watu wake hawaandikiwi historia. Tusipojiandika wenyewe, tutasomwa katika faili za wengine, kama Mombasa isomwavyo katika vitabu vya manahodha.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, twaleta maombi matatu mbele ya mkutano huu.

La kwanza, Chama kifungue Daftari la Wazee, na vijana wawili wajuao kuandika vizuri wachaguliwe ili wawatembelee wazee, wake kwa waume, nyumba kwa nyumba. Akina mama wasisahauliwe, kwa maana nyimbo za harusi, za kulea na za matanga ni wao wazijuao.

La pili, kila neno liandikwe kama lilivyosemwa na kwa lugha iliyosemwa, iwe Kinubi au Kiluhya au Kiswahili chetu cha hapa Nairobi, pamoja na jina la msemaji akiridhia, na tarehe. Mwandishi asimsahihishe mzee. Mwalimu Sikujua hakukigeuza Kimvita kiwe Kiunguja.

La tatu, nakala ziwe mbili, moja ikae na Chama na ya pili ipelekwe Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue. Vibanda vyetu ni vya mabati na mbao, nanyi mwajua moto hupita hapa bila kubisha hodi.

Yako mashaka mawili ambayo twayajibu mapema. Huenda mtu akasema hapa hapana Muyaka. Nasi twauliza: nani aliyejua sokoni Mombasa, siku Muyaka aliposema, kwamba huyo ndiye Muyaka? Huenda mwingine akasema fedha za Chama ni za wenye shida. Ni sawa, daftari na kalamu hazifikii gharama ya jeneza moja, nao vijana wako tayari kwenda kwa miguu.

Wazee wetu, ninyi ndio mlio na maneno, nasi tunayo kalamu. Kabla ya mkutano ujao wako miongoni mwetu ambao hatutakuwa nao tena. Ndivyo ripoti ya maziko inavyotuambia kila mwaka. Twaomba Bwana Mwenyekiti aulize wanachama leo hii, nasi wenye mikono tuiinue, ili kazi ianze juma lijalo.