Bahari ya lita 100 pale Handeni

Leo nataka tuzungumze habari ya bahari. Siyo ile ya Tanga wala ya Pangani mnayoijua. Nazungumzia bahari ya lita 100, iliyomo ndani ya kioo, juu ya meza, katika maabara ya shule moja ya sekondari wilayani Handeni. Najua wapo mnaocheka. Handeni na bahari wapi na wapi! Hata mimi nilicheka, mpaka siku nilipoitwa kwenda kutazama samaki saba waliokufa.

Mpwa wangu ni mwalimu wa baiolojia. Aligundua kwamba wanafunzi wake wengi, ingawa wanaishi katika mkoa wenye pwani, hawajapata kuiona bahari. Wanasoma habari za matumbawe kitabuni kama wanavyosoma habari za theluji ya Ulaya. Basi akaona awaletee bahari darasani. Wanafunzi wa Kidato cha Pili wakachanga vijisenti vyao, fundi wa vioo akaunganisha tangi la urefu wa sentimita 80, upana 35 na kina 36, na mwalimu akashuka Tanga kununua samaki kwa mvuvi.

Akarudi na samaki saba wa rangi rangi ndani ya mifuko ya plastiki. Tangi akalijaza maji ya bomba, akakoroga chumvi ya jikoni paketi kadhaa, akaonja kwa ulimi, akaridhika. Ijumaa jioni samaki wakaingia majini. Jumapili wote walikuwa wanaelea, matumbo juu.

Alinipigia simu usiku. "Mjomba, shikamoo. Kesho nitawaambia nini watoto wa watu?" Nikamjibu, "Waambie ukweli. Waambie mwalimu naye alikuwa hajasoma somo lake."

Naam, ndugu msikilizaji, kosa la mpwa wangu hufanywa na wengi wanaoanza kazi hii, awe wa Handeni au wa Ulaya. Tuanze na chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, lakini hiyo siyo chumvi ya mchuzi peke yake. Ndani yake mna magnesi, kalsi, potasi na madini mengine kwa kadiri yake. Anayekoroga chumvi ya jikoni amepata maji ya kuchemshia muhogo, hajapata bahari. Penye maduka ya mapambo ya samaki huuzwa chumvi maalumu yenye madini yote. Sisi tuliamua kuchota maji yenyewe.

Hapo ndipo Korogwe ilipoingia. Dada yangu, mama yake mwalimu, anakaa Korogwe mjini, na Korogwe ndiyo njia ya kutoka Tanga kwenda Handeni. Tukakodi mashua, tukatoka nje maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari na mbali na midomo ya mito, kwa sababu maji ya karibu na mji yana mafuta na uchafu, na ya mdomo wa mto yamepunguzwa chumvi. Tukajaza madumu ya plastiki yasiyopata kutiwa kitu kingine, tukayahifadhi kwenye stoo ya dada, gizani, ili mwani usiote.

Dada yangu alitutazama tukiteremsha madumu, akashika kiuno. "Kaka," akasema, "Handeni watu wanahangaikia maji ya kunywa, nanyi mnawapelekea maji yasiyonyweka?"

Lilikuwa swali zito, na sikutaka kulikwepa. Shida ya maji Handeni ni ya miaka mingi. Ule mradi unaojulikana kwa jina la HTM, unaovuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, ulijengwa miaka ya 1970, na tangu hapo vizazi vimekua vikijua bei ya ndoo na urefu wa foleni. Katika mji kama huo, kuweka maji kwenye kioo ili watu wayatazame kunaweza kuwa anasa ya kuudhi. Kwa hiyo tukapiga hesabu. Maji ya bahari hayamnyang'anyi mtu kinywaji. Yanayotakiwa baridi ni ya kujazia tu, kwani kila siku tangi kama lile hupoteza lita moja au zaidi kwa kukauka. Yanayopaa ni maji, chumvi inabaki. Ukijazia maji ya bahari, chumvi inazidi mpaka inaua. Lazima ujazie maji yasiyo na chumvi. Tukakubaliana kukinga mvua moja kwa moja kwenye mapipa ya plastiki, bila kupitisha kwenye bati, kwa kuwa madini ya zinki kwenye bati, kama ilivyo shaba, ni sumu kwa konokono na kaa. Dada akasema, "Hapo sawa. Lakini sakafu yangu mtaipiga deki wenyewe."

Kosa la pili la mpwa wangu lilikuwa haraka. Samaki huenda haja humo humo anamovuta pumzi. Kinyesi chake na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Baharini kuna bakteria wasiohesabika wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Tangi jipya halina bakteria hao. Hawana budi kuzaliana kwanza, na huchukua kama wiki 4 hadi 6. Kuwatia samaki saba siku ya kwanza ni kuwahamishia watu saba nyumba isiyo na choo, kisha ukafunga milango.

Safari hii tukaenda taratibu. Meza ilitengenezwa ya mbao nene, maana maji peke yake yana uzito wa zaidi ya gunia la mahindi, bado kioo na mawe. Tukaiweka mbali na dirisha, kwa sababu jua la moja kwa moja huchemsha maji na kuotesha mwani. Chini tukatandaza mchanga mweupe uliooshwa vizuri. Tukafunga pampu ndogo ya kuzungusha maji, kipimajoto na kipimo cha chumvi, tukaagiza na dawa za kupimia amonia, nitriti na nitrati. Anayesema vipimo ni ghali ajiulize bei ya samaki saba.

Yakabaki mawe. Mwamba wa bahari ndio nyumba ya bakteria, kwani una vitundu vingi. Mpwa wangu akaninong'oneza kwamba yule mvuvi wa Tanga yuko tayari kuvunja matumbawe hai kwa mtaimbo, kwa bei ya soda chache. Nikamwambia, "Mwanangu, hapo tutagombana."

Ndugu msikilizaji, tumbawe ni mnyama. Ni wanyama wadogo kwa maelfu, wanaojenga jiwe kwa pamoja. Aina zile za mviringo hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka. La ukubwa wa mpira wa miguu linaweza kuwa na miaka kumi na zaidi. Miamba ya Tanga imepigwa baruti kwa miongo mingi na wavuvi wanaotaka kitoweo cha dakika moja. Mwaka 1994 Bunge lilipitisha Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, na mwaka huo huo ukaanza mradi wa kuhifadhi pwani ya Tanga, ambapo vijiji vilikaa na serikali kupanga kufunga baadhi ya miamba ipumzike. Mwaka 1998 likaja joto la El Niño, matumbawe yakageuka meupe pwani nzima ya Afrika Mashariki na mengi yakafa. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, Tanga. Baada ya juhudi zote hizo, sisi tupeleke mtaimbo kwa ajili ya pambo? La hasha.

Tukachukua mawe ya tumbawe la kale, yale yanayochimbwa nchi kavu na kujengewa nyumba za pwani. Tukayasugua, tukayaloweka, tukayapanga kwa namna ya pango, yakikaa imara ili yasiangukie kioo. Kilo 12 zilitosha. Kisha tukatia kipande kimoja cha kamba kiozee humo, ili bakteria wapate pa kuanzia.

Wiki sita, msikilizaji, wanafunzi walitazama tangi la maji na mawe. Shule nzima iliwacheka. Wakaliita "bahari ya mwalimu isiyo na samaki". Lakini Kidato cha Pili walikuwa na daftari lao. Kila siku waliandika joto, chumvi na sumu. Wakaona amonia ikipanda, kisha ikishuka. Nitriti nayo ikapanda, ikashuka. Siku zote mbili ziliposomeka sifuri na nitrati ikaonekana, binti mmoja aliyekuwa akipima alipiga kelele hata mwalimu wa darasa la jirani akaja kuuliza kuna nini.

Ndipo wakaingia wapangaji, na hapa nawaomba wanaoanza wanisikilize vizuri. Kwanza konokono wachache na kaa wawili wadogo, wale wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Hao ndio wafagizi. Baada ya wiki mbili, samaki wawili tu, wale wadogo wa rangi ya machungwa ambao baharini hujificha katikati ya vidole vinavyochoma vya ua la bahari. Tulinunua kwa muuzaji mwenye leseni. Ua lenyewe hatukulileta. Ni mnyama mgumu kutunza katika tangi changa, na samaki hao wanaishi vizuri bila yeye. Lita 100 samaki wawili, pengine watatu wadogo, basi. Kitatange anapendeza, lakini wengi wa jamii yake hula nyama ya matumbawe hai, tangini watakufa njaa. Pono huhitaji mwamba wa kutafuna. Chewa atawameza wenzake. Na matumbawe hai, hata yale laini, yangoje mwaka mzima, maji yakishatulia, tena yatoke kwa mwenye kibali.

Matunzo ya kila wiki si mengi. Toa lita 10, tia lita 10 za maji ya bahari kutoka stoo ya Korogwe. Jazia maji ya mvua kila siku. Lisha kidogo, kiasi cha kwisha kwa dakika mbili. Usitie mkono wenye sabuni wala mafuta. Taa, saa 8 kwa siku.

Mambo hayakwenda yote sawa. Usiku mmoja umeme ulikatika. Maji yasipozunguka, hewa humo huisha baada ya saa chache. Mlinzi akawaamsha wavulana wa bweni, wakapokezana jagi mpaka alfajiri, wakichota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Hata hivyo samaki mmoja alikufa. Wakamzika chini ya mwarobaini, na mwalimu akanunua pampu ya hewa ya betri, ambayo ilipasa kununuliwa mwanzoni.

Februari joto lilikuja. Kipimajoto kilisoma nyuzi 30, wakati tulitaka kati ya 24 na 27. Wakaelekeza feni juu ya maji, joto likashuka nyuzi mbili. Mwalimu akatumia siku hiyo kuwaeleza habari ya mwaka 1998. Akawaambia kwamba nyuzi moja au mbili tu juu ya kawaida, zikidumu kwa wiki kadhaa, hutosha kulifanya tumbawe kuwa jeupe. Kitabu kilikuwa kimesema hivyo hivyo miaka yote. Safari hii walielewa, kwa kuwa walikuwa wameshika feni.

Nilikwenda kuwatembelea mwezi uliopita. Samaki mmoja aliyebaki alikuwa amepata mwenzake mpya, na kaa mmoja alikuwa amehamia kombe kubwa zaidi. Kijana mmoja, mtoto wa mkulima wa mahindi ambaye bado hajapata kuiona bahari, akanyoosha mkono. "Mzee, shikamoo. Sisi hapa tunabadilisha maji kila wiki, tunapima, tunakesha na jagi. Kule baharini nani anabadilisha?"

Nikamwambia kule ni kujaa na kupwa kwa maji, ni upepo, ni mikoko, ni mwamba wenyewe pamoja na bakteria wake. Kazi hiyo yote inafanyika usiku na mchana bila mshahara. Akafikiri kidogo, akasema, "Na watu wanaipiga baruti?"

Sikuwa na jibu la kumpa mtoto yule. Mwenye kutupa baruti ndiye anayepaswa kwenda Handeni akamjibu, akiwa amesimama mbele ya lile tangi.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo. Kwaherini.