TAARIFA YA TAWI: TAARIFA ZA DEREVA NI MALI YA DEREVA

Haya ndiyo tuliyoyasema kwenye kikao cha tawi. Tunawatumia ili hata waliokuwa barabarani wayapate.

Vijana wetu wa bodaboda na bajaji wameomba tawi likusanye picha za leseni zao humu kwenye kundi, ili tuwasaidie kuomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri. Nia ni njema, lakini jibu letu ni hapana.

Hadi kupata leseni, dereva amepita TRA na Polisi. Wa chombo cha biashara anapita na LATRA. Huko kote ameacha jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA, TIN, picha na simu. Matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hubahatisha tu. Mwenye picha ya leseni yako habahatishi: atakuita kwa jina, atakutajia namba ya leseni, kisha atadai ulipe faini.

Wenzetu Marekani walijifunza kwa damu. Mwaka 1989 mwigizaji Rebecca Schaeffer aliuawa mlangoni kwake, na muuaji alipata anwani yake kupitia kumbukumbu za idara ya magari ya California. Mwaka 1994 ikapitishwa sheria ya kulinda taarifa za madereva.

Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, pamoja na Tume yake. Inazibana ofisi za serikali na taasisi binafsi. Taarifa iliyochukuliwa kwa kazi moja isipelekwe kwenye kazi nyingine bila sababu ya kisheria. Mwenyewe ana haki ya kujua kilichoandikwa, kudai kirekebishwe, na kulalamika kwa Tume.

Kwa hiyo tumeazimia:

1. Kila kikundi kiwasilishe nyaraka zake chenyewe kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

2. Picha ya leseni ikitumwa humu, iwe yako au ya mwenzako, itafutwa.

3. Tumwombe diwani aulize halmashauri: nakala za waombaji zinatunzwa wapi, nani anaruhusiwa kuzifungua, na zinateketezwa lini?

Kwenye uhasibu, kila vocha ina saini ya mtu wa kuijibia. Nakala ya leseni ya kijana wa Iyunga nayo iwe na mtu wa kuijibia.

Katibu wa Tawi
Iyunga, Mbeya