Mugonjwa wa kansere anapotapika nyumbani



Hapa Baraka mutu akitapika, majirani wanawaza kolera, na mugonjwa anabaki peke yake. Ni kweli, akiharisha maji kama ya kuosha muchele, mukimbize kwa muganga. Lakini mwenye kansere anatapika juu ya dawa kali, juu ya morfini, ao kwa sababu hajaenda choo siku ine. Hata mwenye kansere ya vumbi la asbesto, ile inayotokea miaka 20 mupaka 40 kisha mutu kulivuta, roho inamuchafuka vilevile.

Morfini inachafua roho siku za kwanza, halafu wengi wanazoea. Basi musiikatize ninyi wenyewe, maumivu yatarudi. Muombe muganga dawa ya kuzuia kutapika, na ile ya kulainisha choo. Metoklopramidi inakunywewa nusu saa mbele ya chakula. Tumbo likivimba, choo na hewa visitoke, usimupe. Hiyo ni safari ya hopitali leo leo.

Mupikie mbali naye. Arufu ya ndagala na mawese ya moto (sisi tunaipenda!) inamutapisha. Uji mwepesi uliopoa, kijiko kimoja kimoja, kichwa kikiwa juu.

Mulioanza matibabu Tanzania, muje na karatasi zenu hata kama hapa muganga anaandika Kifaransa. Majina ya dawa yanafanana. Na muandike saa alitapika, na dawa gani alikunywa mbele. Hiyo inamusaidia muganga kuliko kusema tu "anatapika sana".